Maana ya Jihadi: Jawabu kwa Mama wa Gakoromone

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na miji mingine ya pwani, mara hii twawaletea mas-ala tuliyoulizwa bara, lakini mas-ala yenyewe si ya bara peke yake. Yamo majumbani mwenu pia, na pengine yamo chumbani mwa kijana wenu hali nyinyi mmelala.

Tulisafiri kwenda Meru kuwazuru ndugu zetu tunaosoma nao. Ukifika Meru hukosi kupita Gakoromone, kwani hilo ni soko ambalo kila mtu ana haja nalo. Humo huuzwa ndizi, viazi, maharagwe na nguo za mitumba. Na wauzaji na wanunuzi ni watu wa kila dini, wakikopeshana na kuaminiana. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumekaa darasani, akaja mama mmoja pamoja na kaka yake. Asili yake ni pwani, ameolewa huko Meru, mumewe ameshafariki, naye huuza mitumba sokoni. Alitusalimu, akakaa mbali kidogo, akanyamaza kitambo. Kisha akasema:

"Sheikh, mwanangu ana miaka ishirini na miwili. Kwa miezi sasa hukesha na simu, akisikiliza watu nisiowajua. Juzi ameniambia kuwa jihadi imekuwa fardhi juu yake, na kuwa ataondoka, na kuwa mama hana idhini katika fardhi. Nimelia, naye amenambia machozi yangu yamzuilia Pepo. Nataka kujua: ni mwanangu aliyekosea, au ni mimi ninayemzuilia Pepo?"

Tulimjibu pale pale kwa muhtasari, tukamuahidi kuwa tutaandika jawabu kamili ili wengine wenye swali kama lake wapate kusoma. Na haya ndiyo jawabu.

Kwanza yapasa tulijue neno lenyewe. Jihadi kwa lugha ya Kiarabu ni kutoa juhudi, kutumia nguvu zote katika jambo zito. Si jina la vita. Vita kwa Kiarabu ni harb, na kupigana ni qital, na maneno yote hayo mawili yamo ndani ya Qur'ani, kila moja mahali pake. Mwenye shaka na atazame Sura ya Luqman, aya ya 15. Hapo Mwenyezi Mungu ataja wazazi washirikina wanaomshurutisha mtoto wao amshirikishe Mungu, na kitendo chao hicho cha kumkazania amekiita kwa neno lenye asili hiyo hiyo ya jihadi. Je, wazazi hao walikuwa wakipigana jihadi ya dini? Hasha. Walikuwa wakifanya juhudi, tena juhudi ya batili. Na tazama vile vile amri iliyofuata: mtoto asiwatii katika ushirikina, lakini akae nao kwa wema hapa duniani. Ikiwa hii ndiyo haki ya mzazi mshirikina, basi haki ya mama Muislamu mjane auzaye nguo sokoni ili mwanawe ale itakuwaje?

Pili, jihadi iliamrishwa Makka kabla Waislamu hawajaruhusiwa kupigana. Sura ya Al-Furqan ni ya Makka, na katika aya yake ya 52 Mtume (S.A.W.) ameamrishwa awapiganie makafiri jihadi kubwa kwa hiyo Qur'ani. Ndivyo walivyoifasiri wanavyuoni, wakimfuata Ibn Abbas. Huko Makka Waislamu walikuwa wakipigwa, wakiteswa juani, wakinyimwa chakula, na hakuna aliyeinua upanga. Jihadi yao ilikuwa kusubiri, kusoma, na kuifikisha Qur'ani kwa ulimi. Na Mwenyezi Mungu mwenyewe ndiye aliyeiita jihadi hiyo kuwa ni kubwa.

Hapa twataka kumuonya msomaji. Iko hadithi mashuhuri sana mimbarini, kuwa Mtume (S.A.W.) aliporejea vitani alisema kuwa wametoka jihadi ndogo na kuingia jihadi kubwa, yaani jihadi ya nafsi. Hadithi hiyo isnadi yake ni dhaifu. Wataalamu wa hadithi wameieleza hivyo. Sisi hatuhitaji kusimamisha haki kwa hoja dhaifu, kwani kijana aliyefundishwa na watu wa simuni ajua kuwa ni dhaifu, na ukimletea hiyo atakucheka, kisha hatakusikiliza tena. Iko iliyo sahihi, aliyoipokea Fadhala bin Ubaid, katika Tirmidhi na kwengineko, kuwa mwenye jihadi ni yule anayeipiganisha nafsi yake katika kumtii Mwenyezi Mungu. Hiyo yatosha.

Tatu, hatusemi kuwa hakuna vita katika Uislamu. Mwenye kusema hivyo huificha dini ili apendwe na watu, na kuificha dini si kuitetea. Vita viliruhusiwa baada ya Hijra, na sababu yake imetajwa wazi katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 39 na 40: wameruhusiwa waliodhulumiwa na kutolewa majumbani mwao bila ya haki. Na katika aya hiyo hiyo pametajwa kuwa lau si Mungu kuwakinga watu kwa watu, yangalivunjwa mahekalu ya watawa, na makanisa, na masinagogi, na misikiti. Basi aya ya kwanza ya kuruhusu vita imetaja kanisa miongoni mwa vitu vinavyokingwa. Vipi leo mtu alipue kanisa, kisha adai kuwa ameifuata aya hiyo?

Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 190, wameamrishwa Waislamu wapigane na wale wanaowapiga, wala wasivuke mpaka. Mpaka huo Mtume (S.A.W.) ameueleza. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar kuwa alimuona mwanamke ameuawa katika moja ya vita vyake, akalichukia jambo hilo, akakataza kuua wanawake na watoto. Na Sayyidna Abubakar alipopeleka jeshi Sham aliusia kuwa wasiuawe wanawake, wala watoto, wala wazee, wala watawa waliojifungia katika ibada, na miti ya matunda isikatwe. Huo ulikuwa wasia kwa jeshi lililokuwa likienda kupambana na dola kubwa yenye askari na silaha, achilia mbali mtu mwenye bunduki akiingia mahali penye wanafunzi waliolala.

Yule kijana, tulipokutana naye siku ya pili, alitutajia aya ya 5 ya Sura ya At-Tawba, kuwa washirikina wauawe popote wanapopatikana. Tulimwambia asome aya ya kabla yake na ya baada yake. Ya kabla yake, aya ya 4, imewatoa wale waliofunga ahadi na Waislamu na wasiivunje. Ya baada yake, aya ya 6, imeamrisha kuwa mshirikina akiomba himaya apewe, ayasikie maneno ya Mungu, kisha afikishwe mahali pa amani yake. Aliyemfundisha kijana aya ya 5 alimkatia kitambaa katikati, akamwambia hii ndiyo kanzu.

Nne, ni nani mwenye haki ya kutangaza vita? Sisi watu wa pwani ni Mashafi, na twasoma Minhaj ya Imam Nawawi na sherhe zake tangu ujana. Humo imeelezwa kuwa jihadi ya kupigana ni fardhi ya kifaya maadui wakiwa katika nchi yao, na kuwa ni haramu kwa mtu kwenda bila ya idhini ya wazazi wake wakiwa Waislamu, na kuwa mwenye deni lililofika wakati wake hendi ila kwa idhini ya mwenye kumdai. Adui akiuvamia mji wa Waislamu, hapo hukumu yabadilika, kila aliyemo ajitetee. Lakini je, Meru imevamiwa? Mombasa imevamiwa? Adhana yasikika mara tano kila siku. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, imempa kila mtu uhuru wa dini, na katika kifungu cha 170 imeweka Mahakama za Kadhi. Sisi na majirani zetu tumo katika ahadi, na ahadi katika Uislamu ni jambo zito. Bukhari amepokea kutoka kwa Abdallah bin Amr kuwa mwenye kumuua mtu wa ahadi hatainusa harufu ya Pepo. Yule mama alihofu kuwa amzuilia mwanawe Pepo. Lakini wanaomzuilia ni wale wa simuni.

Na Abdallah bin Amr huyo huyo amepokea, katika Bukhari na Muslim, khabari ya mtu aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya kwenda jihadi. Mtume alimuuliza kama wazazi wake wahai. Alipojibu ndiyo, akaamrishwa akafanye jihadi yake kwa hao wazazi. Na ajuwe msomaji kuwa mtu huyo alikuwa akimuomba Mtume mwenyewe, chini ya bendera ya Mtume mwenyewe, katika vita vilivyo haki bila ya shaka yoyote. Hata hivyo alirejeshwa kwa wazazi wake. Basi anayetaka kutoka Gakoromone kwa siri, kumfuata mtu asiyemjua jina wala uso, ana hoja gani?

Tano, tutazame matunda. Mti hujulikana kwa matunda yake. Tarehe 21 Septemba 2013 waliingia watu katika duka kubwa la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Mwezi wa Juni 2014 waliua watu zaidi ya 60 Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, mlango wa pili na kwetu. Tarehe 2 Aprili 2015 waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hao wote waliuawa kwa jina la jihadi. Je, ni mji gani uliosilimu kwa ajili ya mauaji hayo? Ni msikiti gani uliojaa? Tulichokiona sisi ni majirani kuogopana, mabinti zetu kutazamwa kwa shaka kwa sababu ya hijabu zao, na vijana wetu kukamatwa.

Sasa tuitazame jihadi ya kweli ya nchi hii hii. Tarehe 21 Disemba 2015 basi lilikuwa likienda Mandera, likavamiwa karibu na El Wak. Washambuliaji walitaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, ili Wakristo wauawe. Waislamu walikataa kujitenga. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, wasijulikane. Miongoni mwa abiria alikuwamo mwalimu Muislamu, Salah Farah. Alipigwa risasi, akaugua, akafa mwezi wa Januari 2016. Wale wenye bunduki walijiita wenye jihadi, naye alikuwa abiria tu, hana silaha. Sisi hatumhukumii mtu Pepo wala Moto, hiyo ni kazi ya Mola wake, lakini twauliza: kati ya pande hizo mbili, ni upi uliosimama mahali aliposimama Mtume (S.A.W.)?

Sita, dhulma. Kijana alituuliza, na swali lake lilikuwa la haki: "Sheikh, na Waislamu wanaokamatwa wasionekane tena, wao hawana mtetezi?" Hatukumwambia kuwa dhulma haipo. Dhulma ipo, na kuinyamazia ni dhambi. Lakini Mtume (S.A.W.) ametuonyesha njia, aliposema kuwa miongoni mwa jihadi iliyo bora ni neno la haki mbele ya mtawala dhalimu. Tafakari: hakutaja risasi, ametaja neno. Na neno lataka ushujaa zaidi, kwani mwenye kulisema husimama uso wazi, kwa jina lake, mchana. Kifungu cha 49 cha Katiba kimesema kuwa aliyekamatwa afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata. Tukiwa na mawakili wetu, na wazee wetu wakaenda kituoni pamoja na mama wa kijana aliyekamatwa, na khatibu akalitaja jambo hilo mimbarini bila ya matusi, basi hiyo ni jihadi. Ni wangapi kati yetu walio tayari kwayo?

Saba, jihadi ya nafsi, na hapa twasema nanyi watu wa pwani khasa. Kutoka milima ya Nyambene, upande huu wa Meru, hutoka miraa. Na kutoka Embu hutoka muguka. Vyote viwili huteremka kwenu usiku kwa magari ya mbio, na asubuhi vimeshafika barazani. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika hukumu ya mmea huu tangu zamani. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake twavisoma, aliuandikia risala mahsusi, akanasihi kuwa mtu ajiepushe nao. Sisi hatutaki kufungua ugomvi huo leo. Twauliza lililo wazi: baraza inayokaa kutoka alasiri hadi usiku wa manane, ikapitwa na magharibi na isha, na alfajiri ikalala, na watoto wakakosa unga kwa kuwa pesa zimetafunwa, je, hilo nalo lataka fatwa?

Mwezi wa Mei 2024 serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka. Wakulima wa Embu walilalamika, kwani hiyo ndiyo riziki yao, na Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha marufuku hiyo. Watu wa pwani waligombana sana kwa jambo hilo, wengine wakimlaumu gavana na wengine wakiwalaumu majaji. Sisi twasema: marufuku ya serikali yaweza kusimamishwa na mahakama, lakini marufuku aliyojiwekea mtu nafsini mwake haisimamishwi na yeyote. Muguka haungefika Mombasa siku mbili lau hakuna mdomo unaoungoja. Huyu anayeungoja, na akaweza kusema leo basi, akaenda kusali jamaa, kisha akampelekea mkewe pesa alizokusudia kuzitafuna, huyo ameingia katika jihadi. Na hatapigiwa ngoma, wala hapana atakayejua ila Mola wake.

Na ziko jihadi nyingine. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira kuwa mwenye kuwashughulikia wajane na masikini ni kama mwenye kupigana jihadi katika njia ya Mungu. Basi aliyemlipia mjane kodi ya kibanda chake Gakoromone ana sehemu yake. Na ipo jihadi ya kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki 1947, alianzisha Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, akiwaandikia Waislamu kwa lugha wanayoifahamu, akiwaamsha wasome, waache bid'a na uvivu. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikamilisha tafsiri yake ya Qur'ani kwa Kiswahili, ikapigwa chapa mwaka 1969. Ikiwa jihadi kubwa ya aya ya Al-Furqan ni jihadi kwa Qur'ani, basi tujuwe kuwa wazee wetu hawa walikuwa ndani yake, nao silaha yao ilikuwa wino.

Sasa yatubakia kukiri kosa, na kosa ni letu sisi wenye vilemba. Kwa miaka mingi tumeliogopa neno hili. Tukifika mlango wa jihadi katika kitabu twauruka, au twausoma kwa Kiarabu na kuupita mbio, tukihofu kuwa mtu atatushitaki. Tuliwafundisha vijana namna ya kutawadha na kuhesabu rakaa, na hilo ni jema, lakini tuliwaachia neno hili bila ya maana. Neno lisilo na maana ni kama nyumba isiyo na mwenyewe: yeyote apitaye huingia akakaa. Wameingia watu wa simuni, wakakaa. Mama yule alipokuwa akilia mbele yetu tuliona haya, kwani lau mwanawe angalisoma kwetu mlango huo akiwa na miaka kumi na mitano, asingalikwenda kuusoma usiku kwa mtu asiyemjua.

Basi twawaomba walimu wenzetu, wa pwani na wa bara: fundisheni mlango huu wazi wazi, pamoja na masharti yake yote. Wazazi nao wasiishie kumpokonya kijana simu. Muulizeni anasikiliza nini, kaeni naye, na msipojua jawabu mleteni kwa mwenye kujua. Kijana anayeuliza habari ya jihadi aghlabu ana raghba na dini yake. Akipokewa kwa ukali atatafuta wa kumpokea kwa upole, nao wako wanaomngoja.

Tulikaa na kijana yule mara tatu. Hatukumtukana wala hatukumtisha. Mara ya tatu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Basi jihadi yangu mimi ni ipi, Sheikh?" Tulimwambia: ni kuamka alfajiri ukasali jamaa, ni kufungua kibanda kabla ya mamako, ili apate kupumzika, ni kulipa deni unalodaiwa na yule jirani Mkristo auzaye viazi, ni kuja darasani ukausoma mlango huu kwa mwalimu, tangu mwanzo hata mwisho, na Jumamosi uwafundishe watoto wadogo herufi. Akasema, "Hayo ni mazito." Tukamwambia ndiyo, na ndiyo sababu yakaitwa jihadi.

Siku tuliyoondoka Meru tulipita sokoni mapema. Kibanda kilikuwa kimefunguliwa, na kijana alikuwa akitundika nguo. Mama hakuwa amefika bado. Hatujui ya kesho, nyoyo zimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu; basi muombeeni, na waombeeni walio kama yeye katika nyumba zenu.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuijue kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili tuijue kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Amin.

Wabillahi ttawfiq.